Kutengeneza zimwi lako la D&D, kutoka ngano hadi mezani

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anacheza Dungeons & Dragons toleo la tano (mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa kurusha madadu) na sasa anataka kuandika kitu chake mwenyewe, akipeleke kwa wachezaji wengine. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: zimwi la ngoma. Ngano unaijua. Binti anarudi pwani kuchukua kombe alilolisahau, zimwi linamkamata, linamtia ndani ya ngoma na kuzunguka naye vijijini. Likipiga ngoma, binti anaimba, na wenyeji wanalipa zimwi chakula.

Hatua ya 1: Anza na hati yenye ruhusa

Tafuta hati ya kanuni za msingi inayoitwa SRD 5.1. Mwezi Januari 2023, baada ya rasimu ya leseni mpya kuvuja na mashabiki kuja juu, kampuni ya Wizards of the Coast, mmiliki wa mchezo huu, iliitoa hati hiyo kwa leseni huria ya Creative Commons, CC-BY 4.0. Ruhusa hiyo haifutiki. Unaweza kunakili kanuni zake, kuzibadilisha, kuzitafsiri kwa Kiswahili na hata kuuza kazi yako, mradi uweke ile sentensi ya kutaja chanzo iliyo mwanzoni mwa hati. Inakili neno kwa neno, usiitengeneze upya.

Forgotten Realms, ulimwengu wa kubuni unaomilikiwa na kampuni hiyo, na wahusika wake hawamo katika ruhusa hiyo. Waache. Ngano nayo ni ya wote, lakini maneno ya mwandishi fulani aliyeichapisha kitabuni ni yake. Isimulie kwa maneno yako.

Hatua ya 2: Andika tendo kabla ya namba

Kaa na karatasi, jibu swali moja: wachezaji watakapokuwa wanarudi nyumbani, watasimuliana nini kuhusu kiumbe hiki? Kwa zimwi letu jibu ni fupi: "Lilimtia mwenzetu ngomani, likamfanya atuimbie." Basi. Ukijikuta unaandika matendo manne, una viumbe vinne. Chagua kimoja.

Hatua ya 3: Azima mwili

Usibuni takwimu kutoka hewani. Ndani ya SRD yumo Ogre, jitu katili, na anatufaa kabisa: kinga 11 (namba ambayo dadu la anayemshambulia lazima lifikie), uhai 59, mwendo futi 40, nguvu 19, rungu lenye nyongeza ya +6 kwenye dadu la kushambulia, linaloumiza kwa wastani wa 13. Kiwango chake cha ugumu ni 2. Mwachie kila kitu, mnyang'anye mkuki wa kurusha tu, maana nafasi hiyo tunaitaka kwa ajili ya ngoma.

Angalia hiyo 13. Mhusika mchawi wa kiwango cha 1 mara nyingi ana uhai 8 hivi, kwa hiyo pigo moja la kawaida linamlaza. Andika wazi juu ya ukurasa kwamba zimwi hili ni la wahusika wanne wa kiwango cha 2 au zaidi. Anayeendesha mchezo asilazimike kugundua hilo katikati ya pambano.

Hatua ya 4: Jenga ngoma

Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe.

Kwanza, kukamata. Rungu likimpata mhusika wa ukubwa wa kawaida, na ngoma iko tupu, mhusika anarusha dadu la pande 20 kujinusuru kwa nguvu. Namba ya kuvuka inapatikana hivi: 8, jumlisha nyongeza ya uzoefu ya zimwi ambayo ni 2, jumlisha 4 inayotokana na nguvu zake. Jumla 14. Akishindwa, yumo ngomani.

Pili, kuimba. Katika zamu yake, badala ya kupiga rungu, zimwi linaweza kupiga ngoma. Kila adui aliye ndani ya futi 60 na anayesikia anajinusuru kwa hekima; akishindwa, amerogwa na hawezi kulishambulia zimwi mpaka zamu ijayo ya zimwi ianze. Je, namba ya kuvuka iwe ngapi? Mvuto wa Ogre ni 7, ambao kikanuni unatoa -2, kwa hiyo ukiutumia unapata 8, na wimbo hautamsumbua mtu. Lakini anayeimba si zimwi! Tumia mvuto wa aliye ndani: 8, jumlisha 2, jumlisha nyongeza inayotokana na mvuto wake. Mwimbaji mwenye mvuto 16 (nyongeza +3) anawapa wenzake namba 13. Shujaa mwenye mvuto 8 (-1) anawapa 9. Ghafla wachezaji wanaanza kugombania nani asikaribie zimwi, na hapo ngano imeingia mezani.

Tatu, na hili nalishikilia kwa nguvu zote: aliyetiwa ngomani asiachwe akitazama wenzake wakicheza. Mtu ametoka kwake, amepanda daladala, amekuja kucheza. Mpe mambo mawili ya kuchagua katika zamu yake. Aisukume ngoma kutoka ndani, akifikisha 14 anatoka. Au aingize fumbo katika wimbo, rafiki mmoja anayemsikia apate kurusha madadu mawili katika shambulizi lake lijalo na kuchukua lililo kubwa. Katika ngano wazazi waliitambua sauti ya mtoto wao. Hiyo ndiyo kanuni yake.

Ngoma yenyewe inaweza kuvunjwa kutoka nje: kinga 15 kwa kuwa ni mbao, uhai 18.

Hatua ya 5: Jaribu, kisha mpe mtu mwingine

Liendeshe wewe kwanza. Usiulize "mmelipenda?", kwa sababu rafiki zako watasema ndiyo. Tazama ni wakati gani simu zinatoka mifukoni. Sehemu hiyo ifupishe. Baada ya hapo mpe karatasi msimamizi mwingine, kaa kando, nyamaza. Kila swali analokuuliza ni sentensi ambayo hukuiandika.

Hatua ya 6: Itoe

Kurasa mbili za PDF zinatosha. Picha usiokote tu mtandaoni; chora, au tafuta kwenye makusanyo huria kama ya jumba la makumbusho la The Met, New York, ambalo tangu 2017 limeachia picha za kazi zake nyingi kwa leseni ya CC0, yaani uzitumie bila masharti. Kwenye jalada unaruhusiwa kusema kazi yako inaendana na toleo la tano.

Mahali pa kuiweka ningependekeza itch.io, tovuti ya kuuzia michezo, ambako bei unapanga mwenyewe, hata sifuri. DMs Guild, soko la mtandaoni la kazi za mashabiki wa mchezo huu lililofunguliwa 2016, inakuruhusu kutumia Forgotten Realms, ila inabaki na nusu ya mauzo na kazi ile huwezi tena kuitoa kwingine. Kwa zimwi la pwani sioni sababu ya kulipa gharama hiyo.

Weka namba ya toleo kwenye jina la faili, kwa sababu wiki ya kwanza tu mtu atakuuliza itakuwaje wahusika wawili wakitaka kuingia ngomani kwa hiari, na itabidi uongeze sentensi.