Kupima bomba jipya kwa maji: presha ngapi, na geji iwe wapi

Tuchukue bomba la chuma lililosanifiwa kwa bar 10 (bar ni kipimo cha presha). Kanuni ya mabomba ya ASME B31.3 (ASME ni chama cha wahandisi mitambo cha Marekani), inayofuatwa viwandani sehemu nyingi, inataka lipimwe kwa maji kwa mara 1.5, yaani bar 15. Bomba la kazi ya joto kali huongezewa zaidi kwa hesabu yake. Tumia maji, si hewa: hewa hubanwa kama springi, na kiungo kikiachia hulipuka. Maji yakivuja kidogo tu, presha hushuka.

Ng'oa vali za usalama, uzibe nafasi zake kwa flanji butu (kifuniko cha bolti kisicho na tundu). Tenga matangi kwa pleti za kuziba, maana tangi la ASME Sehemu ya VIII (kanuni ya matangi ya presha) kwa kawaida hupimwa kwa mara 1.3 tu. Kufunga vali peke yake hakutoshi, hupitisha maji. Jaza polepole kuanzia chini, matundu ya juu yakiwa wazi, mpaka maji yatoke bila povu.

Geji, yaani saa ya kusomea presha, ndiyo inayowakosesha wengi. Kila mita 10 za kimo huongeza takriban bar 1. Bomba likipanda mita 20, bar 15 kileleni ni bar 17 chini. Kwa hiyo geji ikiwa chini, usiishie 15: fika 17, baada ya kuhakikisha vifaa vya chini vinaimudu. Geji ya bar 0–40 inafaa. Ya 0–16 itaharibika, na ya 0–100 haitakuonyesha nusu bar iliyopotea. Kwenye pampu weka vali ya usalama ya bar 18 hivi.

Pandisha hadi nusu, simama, kagua, kisha endelea kwa hatua. Ukikuta flanji inavuja, shusha presha kwanza ndipo ukaze bolti. Kwenye presha kamili subiri angalau dakika 10, ukague kila kiungo. Viungo visiwe vimefunikwa.

Bomba lililojaa maji na kufungwa lisiachwe juani: nyuzi moja tu ya joto huweza kuongeza bar kadhaa. Unapotoa maji, fungua tundu la juu kwanza, la sivyo tangi jembamba litajikunja kwa kunyonywa.

Hesabu pleti ulizoingiza na ulizotoa. Rudisha vali za usalama. Kwa tangi lenye vali moja, ianze kufunguka bila kuzidi presha ya juu inayoruhusiwa, na inapopuliza kikamilifu presha isipite 10% juu ya hapo.