Inamisha dumu kabla mashapo ya uraka hayajatua

Msimu huu wa mabibo, yaani matunda ya mkorosho, hapa Newala nimejifunza namna ya kuokoa uraka mwingi, pombe ya juisi ya mabibo iliyochachuka, ambao zamani niliumwaga pamoja na mashapo. Povu likianza kupungua, weka dumu juu ya meza mahali ambapo halitasogezwa tena, kisha chomeka chini ya upande mmoja kipande cha ubao chenye unene wa vidole viwili. Baada ya siku moja au mbili utaona tope zito la rangi ya maziwa limelala kwenye kona ya chini, nawe utaingiza mpira safi upande ulioinuka na kuupitisha uraka hadi kwenye chombo kilicho sakafuni. Ukikaribia mwisho, ondoa ubao taratibu sana. Mpira ujaze kwanza maji yaliyochemshwa na kupozwa, usiuvute kwa mdomo, kwa kuwa mate huingiza vijidudu vya uchachu. Njia hii hufaa kwa sababu hamira inayouchachua uraka, sukari inapokwisha, haiinuliwi tena na mapovu ya gesi, hivyo hushuka kwa uzito wake na kufuata mteremko. Haitafaa ikiwa uchachukaji bado una nguvu, na haiondoi lile wingu jembamba linalotokana na ukakasi wa mabibo, ambalo huelea hata wiki nzima. Joto la Novemba likizidi, zungushia dumu kitambaa kilicholowa, maana ubaridi huharakisha kutua.