Kiti mwendo na mwendokasi ya Dar, mi napandaga hivi

Watu wananiulizaga natokaje Kimara mpaka Kivukoni na kiti mwendo bila gari binafsi. Inawezekana, sema ina taim zake. Asubuhi saa 12 mpaka saa 3 na jioni watu wakitoka kazini achana nayo kabisa, mi natoka saa 4.

Uzuri wa mwendokasi tangu ianze 2016 ni kwamba sakafu ya kituo na ya basi ziko levo moja, hakuna ngazi za kubebwa kama gunia. Getini usihangaike na vile vyuma vya kuzunguka, mwombe mhudumu akufungulie pembeni.

Shughuli iko kwenye ule mwanya kati ya basi na kituo. Dereva akisogea vizuri ni vidole viwili tu, asipokaa sawa unapitisha kiatu. Mara ya kwanza niliingia kwa mshazari na haraka zangu, tairi dogo la mbele likazama, nikabaki nusu ndani nusu nje na watu nyuma wanapiga kelele. Toka siku hiyo naingia kinyumenyume, kushuka pia kinyumenyume, yani tairi kubwa linatangulia maana lenyewe halizami. Ukishaingia funga breki zote mbili na ushike bomba.

Wasaidizi hawakosekani Dar, tatizo wanakurukia kabla hujasema kitu. Wahi kuongea: "Kaka shika fremu hapa chini, usishike pa kuwekea mkono, panachomoka." Vipande viwili vya mikono nshavipoteza hivyohivyo.

Mvua ikipiga sana ulizia kwanza Jangwani, mto Msimbazi ukijaa njia inafungwa na utakwama Magomeni na kiti chako.

Kutoka kituoni mpaka unakoenda chukua bajaji, patana bei kabisa na kiti kikiwemo, chenyewe kikunje ukiweke mbele ya magoti. Daladala mi nilishaziacha, konda anawaza kichwa kingine tu.

Kwenda Kigamboni, pantoni inapandika, waache wenye haraka watangulie alafu we fuata. Angalia maji tu, yakiwa yamekupwa ule mteremko unakuwa mkali, hapo tafuta mtu wa kukushikilia kwa nyuma na ushuke kinyumenyume, taratibu, vaa glavu maana ringi zinachoma viganja.