Kubandua nembo ya gari bila kuumiza rangi

Majina ya modeli kwenye buti na ubavuni mwa gari aghalabu hayafungwi kwa skrubu. Yamebandikwa kwa tepu ya sponji yenye gundi pande mbili. Gundi hiyo ikipata joto hulegea, ikipoa hukaza, kwa hiyo kazi ni kupasha moto kisha kukata sponji kwa uzi. Bisibisi na kisu viweke mbali kabisa. Mkwaruzo mmoja ukifika kwenye bati, kwa hewa ya chumvi ya Unguja na Pemba haukawii kushika kutu.

Kwanza kagua. Baadhi ya nembo, hata zenye gundi, zina vijiti vilivyoingia kwenye matundu ya bodi. Fungua buti, toa plastiki ya ndani, papasa kwa kidole. Ukikuta matundu, bora uiache nembo mahali pake, la sivyo itabidi fundi bodi ayachomelee na kupiga rangi. Akiyaziba kwa puti peke yake, maji yatapenya na kutu itafumka. Nembo ya mbele nayo usiiguse pasi na kuuliza, maana baadhi ya Toyota za karibuni zina rada ya mfumo wa breki za kujifunga zenyewe nyuma yake.

Kagua na rangi. Gari nyingi hapa zimefika zikiwa zimeshatumika, na rangi iliyopigwa upya inaweza kubanduka pamoja na tepu. Chungulia mipira ya milango na ya buti: ukiona vumbi la rangi juu ya mpira, gari ilipigwa rangi upya, basi pasha moto zaidi na uvute polepole zaidi.

Tafuta mshipi wa kuvulia wa nailoni, milimita 0.4 hadi 0.5, urefu wa sentimita 60 hivi. Duka lolote la zana za uvuvi linao. Andaa pia draya ya nywele, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, mafuta ya taa kidogo na vitambaa laini safi.

Osha sehemu hiyo kwa sabuni na maji mengi, kwani chembe moja ya mchanga chini ya mshipi inachora mstari mrefu. Kausha, kisha zungushia nembo tepu ya karatasi. Shika draya sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye bati, uitembeze bila kusimama kwa dakika mbili tatu. Kipimo ni kiganja: bati liwe la moto, lakini mkono uvumilie. Jua la kaskazi saa saba mchana humaliza nusu ya kazi hii, na umeme ukikatika, taulo lililoloweshwa maji ya moto yasiyochemka linatosha. Moto wa gesi usitumie.

Vaa glavu, zungushia ncha za mshipi vidoleni, uupitishe nyuma ya ukingo wa juu. Vuta huku na huku kama unakata kwa msumeno, ukiuegemeza upande wa nembo ili ukate sponji usisugue rangi. Maandishi yakate herufi moja moja, mwenzako akiyashika yasidondoke. Mshipi ukigoma, usilazimishe. Pasha moto tena. Ukigoma pale pale kila mara, hapo pana kijiti.

Sponji iliyobaki ipashe moto, uifikiche kwa kidole gumba mpaka ivingirike na kutoka. Hapa ndipo wengi hukosa subira wakakimbilia thina, nayo inayeyusha rangi iliyopigwa upya. Zima draya, peleka gari kivulini, bati lipoe. Jaribu mafuta ya taa mahali pasipoonekana, kisha bandika kitambaa kilicholowa juu ya gundi dakika tano, futa taratibu, osha kwa sabuni.

Huenda umbo la herufi likabaki, kwa sababu rangi iliyokuwa chini ya nembo haikupigwa na jua. Rabingi laini (dawa ya kung'arishia rangi) kwa mkono hupunguza tofauti, kisha paka waksi. Gari iliyokaa juani miaka mingi, alama inaweza isiondoke yote. Ukizidi kusugua utamaliza klia, yaani tabaka angavu la juu linalokinga rangi.

Kama nembo itarudi baada ya kupiga rangi, piga picha na upime umbali wake kutoka kingo za buti kabla ya kuitoa. Ibandike kwa tepu mpya ya sponji ya magari, rangi ikiwa imekauka vyema, na usioshe gari kwa saa 24.