Skrini Nyeusi Baada ya Kusasisha Kerneli ya Linux: Namna ya Kuisaka Hitilafu ya Kiendeshi

Kompyuta inawaka, nembo inaonekana, kisha skrini inakuwa nyeusi, ilhali kwa kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) ya zamani kila kitu kilikwenda sawa. Hitilafu ya aina hii ina nafuu moja: lipo badiliko fulani lililoileta. Litafute hilo kwanza, msimbo utaugusa baadaye.

1. Hakikisha mkosaji ni kiendeshi

Wakati wa kuwasha, shikilia Shift (kwenye mashine nyingi za UEFI ni Esc) hadi menyu ya GRUB (programu inayowasha kerneli) itokee, kisha chagua kerneli ya zamani. Picha ikirudi, jaribu tena kerneli mpya: bonyeza `e`, na mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux` ongeza `nomodeset`. Ikiwaka hivyo, shaka inakiangukia kiendeshi cha skrini (programu inayoiendesha kadi ya michoro). Usikigeuze kigezo hicho kuwa dawa. Kinakizuia kiendeshi kufanya kazi yake, na mzigo wote wa michoro unabebwa na prosesa.

Skrini ikiwa nyeusi, mashine huenda bado iko hai. Jaribu kuingia kwa SSH kutoka kompyuta nyingine ukasome `dmesg` (ujumbe wa kerneli) papo hapo. Ikigoma, washa kerneli ya zamani usome kumbukumbu za mara iliyotangulia (folda `/var/log/journal` lazima iwepo):

`journalctl -k -b -1`

Ukikuta faili la firmware (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa) "failed with error -2", faili hilo halipo. Sasisha kifurushi cha firmware kabla ya kuendelea, maana mara nyingi safari huishia hapo. "flip_done timed out" ni jambo jingine: kiendeshi kilisubiri taarifa kwamba fremu mpya imeonyeshwa, isije. Ukitaka maelezo zaidi, washa kwa `drm.debug=0x1e log_buf_len=4M`. Bila hicho cha pili, ujumbe wa mwanzo hufutwa na unaofuata.

2. Jaribu kuzima PSR

Skrini za laptopu nyingi huhifadhi fremu ya mwisho zenyewe ili kiungo cha kutoka kwenye kadi kilale picha isipobadilika; huku ndiko PSR (Panel Self Refresh). Kiungo kikishindwa kuamka vizuri, skrini huganda au hupepesa. Kwa Intel weka `i915.enable_psr=0`; kwa AMD, `amdgpu.dcdebugmask=0x10`. Tatizo likiisha, umeshajua fungu la msimbo la kutazama.

3. Gawa nusu kwa nusu

Tenga nafasi ya GB 30, pakua msimbo wa kerneli kwa git (programu inayotunza historia ya mabadiliko), kisha:

```
cp /boot/config-$(uname -r) .config
make olddefconfig
make localmodconfig
make -j$(nproc)
sudo make INSTALL_MOD_STRIP=1 modules_install
sudo make install
```

`localmodconfig` huacha moduli zilizopakiwa wakati huo tu, kwa hiyo chomeka kwanza skrini ya nje na vifaa vyote unavyotumia. Ukisahau `INSTALL_MOD_STRIP=1`, initramfs (faili la moduli za kuanzia kuwasha) huvimba na `/boot` hujaa. Kwenye Debian na Ubuntu ujenzi hukwama kwenye vyeti; tumia `scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""`, na vivyo hivyo kwa `SYSTEM_REVOCATION_KEYS`. Zima Secure Boot, la sivyo kerneli yako isiyo na saini itakataliwa.

Jenga ncha zote mbili kwanza. Nzuri iwe nzuri kweli, mbovu iwe mbovu, kwa usanidi huohuo. Ndipo uanze:

```
git bisect start
git bisect bad v6.9
git bisect good v6.8
```

Kati ya matoleo mawili makuu kwa kawaida huwa na mabadiliko zaidi ya 10,000, lakini raundi 14 hivi zinatosha. Kila raundi git hukupa badiliko la katikati: lijenge, liwashe, kisha jibu `git bisect good` au `git bisect bad`. Kabla ya kujibu, hakiki `uname -r`. Kuijaribu kerneli isiyo yenyewe ni kosa la kila siku. Isiyojengeka, andika `git bisect skip`.

Hatari kubwa ni hitilafu inayokuja na kuondoka. "Nzuri" moja ya uongo hulitupa nje badiliko lenye kosa, na raundi zote zinazofuata ni bure. Ikiwa hutokea mara moja katika tatu, washa mara 8 bila kasoro kabla ya kusema nzuri. Uwezekano wa kudanganyika hushuka hadi takriban asilimia 4. Kwa "mbovu", mara moja inatosha.

4. Thibitisha, kisha rekebisha

Rudi kwenye toleo bovu, tengua badiliko lililotajwa kwa `git revert`, ujenge tena. Hitilafu isipoondoka, kuna jibu ulilokosea. Ikiondoka, soma badiliko hilo mstari kwa mstari. Kulitengua moja kwa moja huenda kukarudisha tatizo ambalo lililetwa kulitatua.

Kosa moja la kuangalia: fanksheni ya `drm_atomic_get_crtc_state()` ikishindwa hairudishi NULL, hurudisha namba ya kosa ndani ya pointa. Anayekagua NULL huvuka salama, kisha kerneli huanguka. Iwe hivi:

```
if (IS_ERR(crtc_state))
        return PTR_ERR(crtc_state);
```

Usilimeze kosa la `-EDEADLK` (mgongano wa kufuli) njiani. Lazima limfikie aliyeita, ili alegeze kufuli na kuanza upya.

5. Tuma kiraka

Maelezo ya kiraka (faili la marekebisho yako) yaanze na dalili, kisha chanzo. Weka `Fixes:` pamoja na herufi 12 za mwanzo za kitambulisho cha badiliko lenye kosa, na `Signed-off-by:`. Pitisha kiraka kwenye `scripts/checkpatch.pl --strict`, upate wahusika kwa `scripts/get_maintainer.pl`, kisha utume kwa `git send-email`. Usikinakili kwenye programu ya kawaida ya barua pepe: nyingi hugeuza tabo kuwa nafasi, na kiraka hakitabandikika.