Mbwa na mbabula: hatua za kumlinda mbwa mdadisi na moto wa nyumbani

Mbwa wengi hawaungui wakati wa kupika. Wakati huo mama yuko pale na mwiko mkononi, watoto wanafukuzwa na mbwa anafukuzwa pamoja nao. Hatari inaanza chakula kikishaiva. Sufuria imeingia ndani, watu wanakula, na mbabula, yaani jiko letu la makala (makaa), imebaki uani peke yake, mafuta ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, yakiwa yamedondokea kwenye majivu. Nafundisha mbwa wa ulinzi hapa Goma, na kila nikionyeshwa mguu uliobabuka, kwa kawaida ni mambo ya saa hiyo.

Fimbo haitakusaidia. Mbwa anavutwa na harufu na joto, na vyote viwili unaweza kuvihamisha.

Hatua ya 1: Piga magoti

Pita nyumba nzima ukiwa kwenye kimo cha mbwa. Utakuta mbabula, pasi na waya wake, ndoo yenye rezistansi, chuma cha umeme cha kuchemshia maji, mshumaa juu ya kigoda, bomba la moshi la jenereta, na termosi ya chai juu ya kitambaa cha meza kinachoning'inia. Kitambaa hicho kiondoe leo. Kwa kimo cha mji wetu, mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100, lakini ngozi ya mtoto wa mbwa haitaona tofauti.

Hatua ya 2: Jengea mbabula boma

Mbabula ikiwekwa chini, mdomo wake unalingana na pua ya mbwa. Ukiwa na jukwaa pana lisiloyumba, iinue. Kama huna, iache chini, maana mbabula iliyosimamishwa juu ya mawe yanayocheza itamwangukia mbwa, na labda mtoto pia.

Kisha panga mawe ya volkano, hayo tunayo bure, kwa nusu duara upande ambao mbwa anatokea. Acha hatua nzima kati ya mawe na moto, na uyapandishe mpaka kimo cha goti, au zaidi kama mbwa wako ana miguu mirefu. Usiyaegemeze kwenye makala: jiwe lenye matundu likiwa limelowa mvua linaweza kupasuka likipata moto wa ghafla. Na kama nyumba yako ni ya mbao, kama nyumba nyingi za mitaa ya Majengo na Ndosho, usitumie ukuta wa nyumba kuwa upande wa pili wa boma. Sogeza kila kitu katikati ya uwanja.

Jambo moja linasahaulika sana: mnyororo. Mbwa aliyefungwa anazunguka, mnyororo unakamata mguu wa mbabula, naye anavuta. Nyoosha mnyororo wote kuelekea jikoni. Mwisho wake ukifika kwenye boma, hamisha kigingi.

Hatua ya 3: Mpe mahali pake

Chukua gunia kuukuu, litandike mahali anapoweza kuwaona wanaopika, mita 3 hivi kutoka kwenye moto. Mbwa mdadisi asiyeona kinachoendelea atainuka tu, kwa hiyo usimfiche nyuma ya nyumba.

Anza mbabula ikiwa baridi na tupu. Mlete kwenye gunia, sema neno lako, na akilala mpe kipande cha sambaza mkavu palepale chini, kati ya miguu yake ya mbele. Neno liwe moja kwa nyumba nzima. Huku kwetu baba anasema «couché», mama anasema «lala», watoto wanapiga kelele zao, halafu mnasema mbwa ni mjinga! Akiinuka, usimgombeze. Mrudishe kimya, subiri, mpe tena. Rudia kwa dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku.

Akizoea, washa makala bila chakula. Akitulia hapo pia, weka sufuria ya maharagwe, ambayo haina harufu kali. Sambaza wa kukaanga waje mwisho kabisa. Mafuta ya kukaangia yanafika nyuzi 170 na zaidi, na yakimrukia yananata kwenye manyoya na kuendelea kuchoma wakati maji yangekuwa yameshatiririka.

Sasa kanuni ninayoigombania na kila familia: mtu yeyote asimtupie mbwa kitu akiwa amesimama kwenye mbabula. Kichwa kimoja cha samaki kikirushwa kutoka pale, mbwa ameshajua chakula kinatoka wapi, na kazi yenu ya wiki nzima imeharibika. Zawadi zote zinapatikana kwenye gunia. Bibi akitaka kumpa ngozi ya samaki, aende nayo mpaka kule.

Hatua ya 4: Ua makala, siyo kuyaacha yafe

Makala yaliyofunikwa na majivu yanakaa na moto kwa saa kadhaa. Waliokwenda Buhene, kando ya mji wetu, baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Mei 2021 wanalijua jambo hili: lava ilikuwa nyeusi juu, imekauka, na chini yake ilikuwa bado moto. Mbwa anaona kijivu, anatia mguu.

Chakula kikiiva, chota makala yaliyobaki kwa koleo, uyatie kwenye kopo la chuma lenye kifuniko cha kubana. Yakikosa hewa yanazima, na kesho unayawasha tena. Kwa bei ya gunia la makala siku hizi, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha. Usimwage maji kwenye mbabula ya udongo yenye moto. Itapasuka, na mvuke utakurukia wewe.

Majivu nayo yalale kwenye debe la chuma lililofunikwa mpaka kesho yake. Ukiyamwaga moto kwenye pembe ya uwanja, mbwa atakwenda kulala juu yake usiku wa baridi. Hata majivu yaliyopoa si kitanda: yakichanganyika na mvua yanatoa magadi makali yanayowasha ngozi na macho.

Hatua ya 5: Joto lake mwenyewe

Mbwa anayesikia baridi ataitafuta mbabula hata kama umemfundisha vizuri. Mtengenezee kibanda kilichoinuliwa kidogo kutoka kwenye mawe, mlango ukipa mgongo upepo wa ziwani, na ndani yake sweta kuukuu au nyasi kavu. Basi.

Mbabula isiingie kwenye kibanda chake, wala kwenye chumba kilichofungwa mnamolala pamoja naye. Watu wa Goma wanaijua mazuku, hewa nzito inayotuama mabondeni na kuua mbuzi na mbwa, kwa hiyo wengine wanadhani aliyelala kitandani juu yuko salama. Gesi ya makala ni nyingine. Haina harufu, inajaa chumba kizima toka chini mpaka darini, na inaua mbwa na mwenye mbwa pamoja.

Hatua ya 6: Umeme

Mtoto wa mbwa anabadilisha meno kati ya miezi 3 na 7, na wakati huo kila waya kwake ni mfupa. Chomoa pasi na rezistansi zikimaliza kazi, na ndoo ya maji ya kuoga ichemshiwe kwenye chumba chenye mlango uliofungwa. Ukimkuta ameng'ata waya, kata umeme kwanza, usimguse kabla. Hata akionekana mzima, mpeleke kwa veterineri siku hiyohiyo, kwa sababu mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi baadaye.

Hatua ya 7: Akiungua

Mtoe kwenye moto, mfunge mdomo kwa kitambaa laini. Hata mbwa mpole anang'ata akiumwa. Usimfunge kama anahema kwa shida, anatapika, au ameungua usoni au mdomoni.

Mwagia sehemu iliyoungua maji baridi ya kawaida kwa dakika 10 hadi 20. Kama hakuna bomba, bidoni moja ya lita 20 ikimwagwa polepole kwa kikombe inatosha. Barafu usiweke. Mwili uliobaki uufunike, hasa mtoto wa mbwa, asije akapoa kupita kiasi. Ikiwa ni mafuta, poza kwanza, halafu osha kwa sabuni laini na maji. Kisha funika kwa kitambaa safi kilicholowa.

Dawa ya meno, siagi, mayai, majivu: hapana. Ibuprofen na paracetamol za kwenye kabati lako pia hapana, zinaweza kumtia sumu.

Manyoya yanadanganya. Leo unaona yameungua ncha tu, na baada ya siku mbili au tatu ngozi ya chini inaanza kutoa maji na kubanduka. Yatenganishe manyoya kwa vidole uangalie ngozi kila siku. Veterineri amwone siku ileile kama ameungua nyayo, uso au mdomo, kama jeraha ni pana kuliko kiganja chako, kama ngozi imekuwa nyeupe au ina malengelenge, au kama amevuta moshi.

Atataka kulamba jeraha. Kata kitako cha ndoo ndogo ya plastiki, ziba makali kwa kitambaa, umvishe shingoni mpaka ngozi ifunge. Akipona, rudini kwenye gunia na mbabula baridi kama siku ya kwanza. Wengine wanakuwa waoga kabisa. Wengine, hasa wale wa soko la Kituku waliozoea harufu ya samaki, wanarudi kuchungulia jioni ileile.