Jinsi ya kujua bundi wanakaa wapi kwenye mashamba makavu, na kuwafanya wabaki

Wengi wakitaka kuona bundi wanaingia porini usiku na tochi, wanazunguka wee mpaka wanachoka. Mi nakwambia anza mchana, na anza na miti mizee. Bundi karibu wote hawajengi kiota, wanaingia kwenye tundu walilolikuta tu: mti uliooza katikati, shimo alilochonga gogota akaliacha, ufa wa mwamba, dari la ghala, na wale wakubwa mara nyingi wanachukua kiota kikuukuu cha ndege mwingine. Sasa kwenye nchi kavu miti mikubwa ni ya kuhesabu, kwa hiyo mti mmoja tu wenye tundu unaweza kuamua kama eneo zima litakuwa na bundi au la. Mti mkavu unaoonekana hauna faida, tafadhali usiukate!!

Halafu angalia chakula. Yule bundi mwenye uso mweupe wenye umbo la moyo anaruka chini chini juu ya nyasi huku anasikiliza, masikio yake hayako usawa mmoja, moja limepanda kidogo kuliko lingine, ndo maana anamdaka panya hata kwenye giza totoro. Huyo anataka uwazi, yaani mashamba, kingo zenye nyasi ndefu, ardhi iliyopumzishwa, msitu mnene haumfai kabisa. Vibundi vidogo vingi vinakula panzi, nondo, mende hata nge, vinakaa kwenye tawi au nguzo vinasubiri afu vinashuka ghafla, kwa hiyo vinapenda miti iliyoachana na nyasi fupi chini, mfano pale mifugo inapolishwa. Wale wakubwa wenye vishungi kama pembe watafute kwenye miamba, makorongo na miti mirefu kando ya mto uliokauka. Wa msituni wanataka matawi yaliyofungana juu, usipoteze muda kuwatafuta shambani.

Ukishaipata miti yenyewe, angalia chini yake. Kuna alama mbili: mavi meupe kama chokaa imemwagika kwenye shina, na vibonge vya manyoya. Bundi anameza windo zima au vipande vikubwa, asichoweza kusaga anakitapika. Chukua kibonge kimoja, kiloweke kwenye maji ya vuguvugu kama nusu saa, kichambue taratibu kwa kijiti. Utaona fuvu dogo, na meno ya mbele marefu yenye rangi ya machungwa, huyo ni panya. Ukikuta maganda ya mende na miguu ya panzi tu, basi mwenyeji wako ni kibundi. Mi hii hatua ndo naipenda kuliko zote, kibonge kimoja kinakueleza usiku mzima ulivyokwenda.

Jioni rudi kabla jua halijazama, kaa mbali kidogo na mti, nyamaza, sikiliza. Usimulike tochi kwenye tundu, na usipige sauti za bundi kwenye simu kila mara maana anadhani kavamiwa, anaacha kuwinda au hata mayai.

Kama miti hakuna, weka sanduku la bundi kutagia. Kwa yule wa uso mweupe tundu liwe kama sm 13, na sakafu iwe chini ya tundu kwa sm 45 au zaidi, ukiifanya fupi vifaranga wanadondoka. Liwe juu mita 3 au zaidi, litazame uwazi, na muhimu sana kwenye joto, liwe kivulini. Acha pia ukanda wa nyasi usiolimwa pembeni mwa shamba, bila huo sanduku ni mapambo tu.

Sumu ya panya acha. Zile za kuzuia damu kuganda haziui papo hapo, panya anaishi siku kadhaa akiwa mzito, na panya mzito ndo rahisi kudakwa, kwa hiyo sumu inahamia kwa bundi.

Na kitu ambacho watu hawakifikirii kabisa ni hodhi la maji. Kiangazi bundi anashuka kunywa au kuoga, kuta ni wima, manyoya yanalowa, hatoki tena. Weka ubao wenye kwaruzo kutoka ndani ya maji mpaka ukingoni, uufunge kwa waya usielee, na kila maji yakipungua hakikisha ncha ya chini bado inayagusa.